Usiku niliomsomea bibi barua za Emily

Mwaka 2009 nilikuwa Worcester, Massachusetts, napiga shifti za usiku kumhudumia bibi mmoja aliyeshapoteza macho, na tukishamaliza dawa na chai kazi ilikuwa ni kumsomea tu mpaka usingizi umchukue. Alikuwa na zile barua za Emily Dickinson, yule mshairi wa Marekani wa karne ya 19, toleo la 1958, vitabu vitatu, barua zaidi ya 1,000, na Amherst alikoishi huyo Emily wala si mbali na pale.

Usiku huo theluji inamwagika, bibi akaniambia nisome ya Aprili 1862. Ndo ile anamwandikia Higginson, mwandishi na mhakiki, mtu hajawahi kumwona, anamuuliza kama mashairi yake yako hai. Na barua hakuisaini. Jina lake kaliandika kwa penseli kwenye kikadi, kakitia kwenye kibahasha chake peke yake, halafu ndo kikaingia kwenye bahasha yenyewe. Hapo nilirudia mara mbili, moyo ulinienda mbio.

Nikauliza, sasa yule bwana alijibuje? Bibi akasema jibu halipo. Emily alipofariki mwaka 1886, mdogo wake Lavinia alichoma karibu barua zote alizokuwa ametumiwa, ndivyo alivyoagizwa, kwa hiyo tunamsikia Emily tu, kama mtu anaongea na simu chumba cha pili. Barua inayofuata anashukuru kwa "upasuaji" kwamba haukuuma kama alivyodhani, basi unajua tu kuwa mashairi yalikosolewa.

Nilishindwa kuendelea kusoma. Mama yangu, Tanga, aliniandikia miaka yote niliyokuwa bodingi, kwenye karatasi za daftari, na mwisho lazima aweke "kula vizuri". Nilizitupa zote na madaftari ya shule wakati nafungasha kuja Marekani.

Bibi aliposinzia nikapiga simu, huku saa tisa usiku, kwao saa tano asubuhi.

"Shikamoo mama. Zile barua zangu za shule unazo?"

"Marahaba. Zote mwanangu, ziko kwenye kopo la biskuti. Kwani kuna nini?"

Nikamwomba aniandikie moja, kwa mkono. Akashangaa, niandike nini na tunaongea kila wiki? Nikamwambia chochote mama, hata bei ya samaki.

Ilifika baada ya wiki tatu. Changu wamepanda bei, dagaa afadhali, kula vizuri.