Siku moja maishani mwangu: kuhesabu amri za marais wa Marekani

Saa mbili asubuhi nafungua Federal Register, gazeti rasmi la serikali ya Marekani, kuona kilichochapishwa kutoka White House. Amri ya rais ikisainiwa leo hutokea gazetini siku kadhaa baadaye, kwa hiyo jedwali langu lina safu mbili za tarehe: ya saini na ya kuchapishwa. Ukizichanganya, amri aliyosaini rais katika siku zake za mwisho itaangukia kwa mrithi wake, na hesabu nzima ya utawala huo inaharibika.

Mtu akisikia nasomea urais wa Marekani, huniuliza nani atashinda uchaguzi. Kazi yenyewe ni hii: waraka mmoja, mstari mmoja. Namba, tarehe mbili, aina, sheria inayotajwa kama chanzo cha mamlaka, amri ya zamani inayofutwa, kisha uzito: ya kawaida au kubwa. Saa tatu hadi saa tano najaza safu nyepesi.

Safu ya uzito ndiyo inayokula mchana. Franklin Roosevelt alitoa amri zaidi ya 3,700 katika miaka 12, lakini nyingi zilikuwa za kutenga ardhi ya serikali au kumwongezea muda mtumishi fulani aliyefikia umri wa kustaafu. Ukihesabu bila kupima, unapata rais aliyesaini karatasi nyingi, basi.

Wengine huiachia programu itafute maneno. Chukua amri namba 9066 ya tarehe 19 Februari 1942. Tafuta neno “Japani” ndani yake: halimo. Kichwa chake kinazungumzia Waziri wa Vita kuainisha maeneo ya kijeshi, na maandishi yanampa uwezo wa kumwondoa humo “mtu yeyote au watu wote”. Kwa maneno hayo makavu, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wa Marekani, waliondolewa makwao na kufungiwa kambini. Hapo hakuna njia ya mkato. Unasoma waraka wote, halafu unasoma ulivyotekelezwa.

Saa nane tunalinganisha majibu na mwenzangu, maana kila waraka unapimwa na watu wawili, kila mmoja peke yake bila kuona jibu la mwenzake. Hapa ndipo penye uchovu wa kweli. Tuseme kuna nyaraka 100 na tumekubaliana 90. Inapendeza, sivyo? Lakini ikiwa kila mmoja wetu ameziweka 85 kwenye fungu la “kawaida”, hata tungebahatisha tu kwa uwiano huohuo tungelingana kwenye 74 au 75. Kipimo cha kappa huondoa huko kubahatisha: 0.90 toa 0.745, gawanya kwa 0.255, unapata 0.61. Tunataka 0.80. Basi tunarudi kwenye zile kumi, moja baada ya nyingine, na karibu kila mara kosa liko kwenye mwongozo wetu wenyewe: tuliandika “amri kubwa ni ile inayobadilisha sera” bila kusema sera ya nani, wala kwa kiasi gani. Tunaandika kanuni upya, kisha nyaraka zote 100 zinapimwa tena, si zile kumi peke yake, kwa sababu kanuni mpya inaweza kugeuza hata zile tulizokubaliana.

Kutoka hapo saa hazina maana tena. Macho yanauma, na bado kuna memo, yaani maagizo ya maandishi ya rais kwa wizara na idara zake. Amri zina namba. Memo za rais hazina, kwa hiyo watafiti wengi huziruka. Mfano ni Sera ya Mexico City, iliyotangazwa na serikali ya Reagan mwaka 1984: shirika la nje linalopokea fedha za Marekani za uzazi wa mpango lisitoe mimba wala kuitetea kama njia ya uzazi wa mpango, hata kwa fedha zake lenyewe. Clinton aliifuta 1993, Bush akairudisha 2001, Obama akaifuta 2009, Trump akairudisha 2017, Biden akaifuta 2021, Trump akairudisha tena 2025. Wote hao walitumia memo. Mashirika ya uzazi wa mpango ya Kenya, Uganda na Tanzania yamelazimika kupanga upya bajeti kila upepo huo ulipogeuka, na katika orodha ya amri zenye namba hutaiona hata mara moja. Mimi naziingiza memo zote, hata kama inaniongezea miezi ya kazi.

Jioni nahifadhi faili kwa jina jipya lenye tarehe ya leo, la jana siligusi. Mistari 31 imekamilika. Katika zile kumi za ubishi, mbili bado hatujakubaliana. Tumeziwekea rangi ya njano, na kesho asubuhi mtu wa tatu atazisoma bila kuambiwa sisi tulisema nini.