Ile & ya kadi ya harusi

Enzi hizo nafanya kazi kwenye kiduka cha uchapaji Kariakoo, na si unajua kadi za harusi za wakati ule, karibu zote fonti ya Monotype Corsiva, ile ya kuiga mwandiko wa mkono, tena wengine wanaipiga kwa herufi kubwa tupu mpaka jina la bibi harusi husomi, unabahatisha. Sasa siku hiyo akaja kaka mmoja na fleshi yake, kadi kashadizaini mwenyewe, fonti ya Garamond ya italiki, ile staili ya herufi zinazoinama kama mwandiko wa kalamu, majina mawili katikati yameunganishwa na ile &. Nikasema leo tumepata mteja mwenye jicho.

Nikatoa prufu, nakala ya kukagua, nikampelekea mzee wetu, yeye kazi aliianza zamani za kupanga herufi za risasi kwa mkono. Shikamoo mzee, kadi hii hapa. "Marahaba. Hii italiki umeitoa wapi?" Nikamwambia Garamond hiyo mzee. "Siyo. Hii imesukumwa tu ikalala."

Akaweka kidole kwenye a. Italiki yenyewe a yake haina kile kikofia cha juu, ni tumbo moja na kijiti kama unavyoandika kwa kalamu, f nayo inashusha mkia chini ya mstari, halafu herufi zote ni nyembamba, zimesogeleana. Zetu zilikuwa zilezile za wima zimeinamishwa, kumbe faili la italiki kwenye ile kompyuta halikuwepo, programu ikajiinamishia yenyewe bila kumuuliza mtu!

Tukalisaka faili kwenye sidii za zamani, likapatikana, nikaprinti upya, na hapo ndo ile & ikanimaliza kabisa. Ya wima ni kifundo tu cha kawaida. Ya italiki imefunguka, unaiona E na t zimeshikana, mikia inapinda huku na huku, yaani ukiiweka katikati ya majina ya maharusi maua ya pembeni unayafuta, na kweli tuliyafuta.

Baadaye sana nikaja kusoma kwamba italiki mwanzoni haikuwa ya kukazia neno wala ya majina ya vitabu. Mwaka 1501 kule Venice, mchapaji Aldus Manutius alichapa mashairi ya Virgil, yule mshairi wa Kirumi wa kale, yote kwa italiki, kitabu kidogo cha kushika mkononi, herufi kachonga Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa wasomi wa Italia, ila herufi kubwa zikaachwa wima (wangeijua hiyo wale wa Corsiva!). Na hii italiki ya Adobe Garamond, toleo la kampuni ya Adobe la 1989, wala haitokani na Claude Garamond mwenyewe, yule mchonga herufi Mfaransa, Robert Slimbach aliifuata ya Mfaransa mwingine, Robert Granjon.

Jioni kaka karudi, nikamwekea zote mbili mezani. Akaangalia weee, akasema tofauti haioni ila ya pili imetulia, halafu akaomba apunguziwe bei kwa sababu dizaini kaja nayo. Mzee akampunguzia kidogo, michango yenyewe ilikuwa bado haijatimia.