Kilo ya Nyama na Fungu la Mchicha

Leo, katika soko moja la hapa Köln, Ujerumani, kilo ya asparaga nyeupe, mboga ambayo huliwa machipukizi yake, imeuzwa kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya kilo ya kuku mzima wa kisasa. Wajerumani huihitimisha misimu ya zao hili tarehe 24 Juni, na kila chipukizi huchimbuliwa kwa mkono, kazi ambayo kwa sehemu kubwa hufanywa na vibarua wa msimu kutoka Polandi na Romania, ambao nao wanalindwa na sheria ya kima cha chini cha mshahara, kilichokuwa euro 12.82 kwa saa mwaka 2025. Kuku naye hukuzwa kwa wiki tano au sita tu, bandani pamoja na maelfu ya wenzake, akilishwa nafaka na soya, ambayo nyingine huvuka bahari kutoka Brazili. Mashine hufanya mengi. Watu wanaolipwa ni wachache.

Dar es Salaam mambo ni kinyume. Fungu la mchicha uliolimwa bonde la Msimbazi bado hupatikana kwa shilingi 500, ilhali kilo ya nyama ya ng'ombe imevuka shilingi 10,000, ingawa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika. Ng'ombe huyo amesafirishwa kwa lori kutoka Shinyanga au Dodoma, akapitia mnada wa Pugu, na kila aliyemshika amechukua chake.

Ndiyo maana siridhiki na hesabu ya kugeuza euro kuwa shilingi, ambayo ndugu zangu huniomba kila tunapozungumza kwa simu. Hesabu hiyo huonyesha kwamba huku vyakula ni ghali, lakini anayelipwa kima cha chini hapa hupata kuku mzima kwa kazi ya saa moja na chenji ikabaki, wakati kibarua wa ujenzi Dar es Salaam anaweza kumaliza karibu ujira wote wa siku kwa kilo moja ya nyama.

Hata hivyo, inayoniumiza zaidi ni bei ya mchicha. Mnunuzi wa Manzese huifurahia, na ana haki. Lakini katika shilingi hizo 500 hutolewa mbegu, maji, nauli na ushuru wa soko, na kinachosalia ndiyo malipo ya mama aliyeamka saa kumi alfajiri. Kama ningeruhusiwa kuchagua bei moja tu ipande kati ya zote hizi, ningechagua hiyo.