Simba wa Narnia na Ijumaa Kuu

Jamani watu wa Mtwara, mmewahi kusoma Narnia, ile hadithi ya C.S. Lewis inayoitwa The Lion, the Witch and the Wardrobe, kipindi cha kwaresma? Mi nimeisoma hapa Mikindani, nimetoka Njia ya Msalaba nikaendelea nayo, yaani nimelia kabisa. Kijana Edmund kawasaliti ndugu zake kwa mchawi, kisheria damu yake ni ya yule mchawi, halafu Aslan simba asiye na kosa anakubali kufa badala yake, wanamnyoa manyoya ya shingoni wanamfunga kamba wanamzomea na yeye kimya tu. Dada zake Edmund, Susan na Lucy, ndo wanabaki na maiti usiku kucha, panya wanakuja kutafuna zile kamba, jua linachomoza, meza ya jiwe inapasuka na simba yuko hai! Ni wale kina mama wa kaburini alfajiri kabisa. C.S. Lewis kakitoa kitabu 1950 na naona hakuficha kitu, Aslan ni mfano wa Yesu waziwazi.

Rafiki yake Tolkien, Mkatoliki, yeye kaficha, na mi nampendea hapohapo. Kwenye kitabu chake The Lord of the Rings, ile pete ya uovu inaangamia tarehe 25 Machi, sikukuu ya Kupashwa Habari Bikira Maria. Nimemwambia katekista wetu, kasema "mwanangu niletee hicho kitabu", basi Jumapili baada ya misa ya kwanza nampelekea.