Tomi hakuwa anaungama kosa

Kwa miezi mitatu niliishi na mbwa niliyeamini ananikomoa. Natoka asubuhi, narudi jioni, nakuta kiatu kimetafunwa. Tena si kiatu chochote, ni changu, kile nilichokivaa jana yake. Tomi mwenyewe yuko chini ya meza, masikio kayalaza, mkia kaufyata, anatazama pembeni mpaka weupe wa jicho unaonekana. Namwonyesha kiatu, namfokea, naye anazidi kujikunyata.

"Unaona? Anajua kabisa alichofanya," nilimwambia dada yangu.

Dada hakubisha. Aliuliza tu, "Sasa kama anajua, mbona kesho anarudia?"

Sikuwa na jibu, na lilipokuja lilikuja kwa bahati. Siku moja Tomi alishinda uani na dada tangu asubuhi. Mimi niliacha dirisha wazi, upepo ukaangusha chungu cha maua, udongo ukatapakaa sebule nzima. Nikasonya, nikapaza sauti: "Nani kafanya hivi?" Nilikuwa najisemea mwenyewe. Lakini Tomi, ambaye ndiyo kwanza anaingia mlangoni, akalaza masikio, akafyata mkia, akajipenyeza chini ya meza. Uso ule ule wa kila siku, kwa mbwa ambaye hakuwamo hata ndani!

Baadaye nilisoma kwamba mwanasayansi mmoja wa Marekani, Alexandra Horowitz, alilipima jambo hili na kuchapisha matokeo yake mwaka 2009. Alitumia mbwa 14. Mwenye mbwa anamkataza mbwa wake kula kitu kilichowekwa mbele yake, kisha anatoka chumbani. Akirudi anaambiwa mbwa kala au hajala, na mara nyingine anaambiwa uongo. Ule uso tunaouita wa hatia haukufuata kosa, ulifuata kufokewa. Waliouonyesha zaidi ni mbwa waliofokewa ilhali hawakula kitu. Kwa hiyo Tomi hakuwa anasema "nimekosa." Alikuwa anasema "tafadhali, yaishe." Niliona aibu, sifichi.

Ndipo nikaamua kuacha kubuni na kuanza kuangalia. Nikaegesha simu kwenye rafu, nikaiacha irekodi, nikaondoka.

Video ile niliitazama nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Dakika za kwanza Tomi yuko mlangoni, pua kwenye upenyo wa chini. Halafu anakwenda dirishani, anarudi mlangoni, dirishani, mlangoni. Anahema ulimi nje wakati hakukuwa na joto. Udenda unamdondoka. Analia, si kubweka, ni kile kilio kirefu kinachopanda na kushuka. Ndipo anakwenda kukichukua kiatu, anakibeba taratibu mpaka mlangoni, anakilalia. Analamba kwanza. Kutafuna kulikuja baadaye, kidogo kidogo, kama mtu anayejiuma kucha. Yote hayo yalitokea ndani ya nusu saa tangu nilipofunga mlango. Saa zilizobaki alilala.

Yaani kiatu alikichagua kwa sababu kilikuwa na harufu yangu. Mbwa ana chembe za kunusia zinazohesabika kwa mamia ya mamilioni, sisi tuna milioni chache tu. Kiatu nilichokivaa jana, kwake, ni nusu ya mimi. Na mimi nilikuwa namfokea jioni kwa jambo la asubuhi! Mbwa huunganisha adhabu na kile kinachotokea sekunde ile ile. Alichojifunza Tomi ni kwamba mimi nikirudi, kuna balaa. Akawa anaogopa kuondoka kwangu na kurudi kwangu pia.

Nilimpeleka kwanza kwa daktari wa wanyama, maana maumivu nayo hubadili tabia ya mbwa. Alikuwa mzima. Daktari akaniambia nichunguze ni wakati gani hasa hofu inaanza. Nikagundua haianzi mlango ukifungwa. Inaanza funguo zikilia.

Wengi tumewahi kusikia habari za Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula. Mbwa wake walidondosha mate kabla chakula hakijafika, kwa kusikia au kuona dalili zake tu. Kwa Tomi, dalili ilikuwa funguo. Basi nikaanza kuzichukua funguo na kwenda kukaa. Nazichukua, napika. Nazichukua, nasoma. Siku ya kwanza alinifuata kila hatua akihema. Baada ya kama wiki mbili aliinua kichwa tu, akakirudisha sakafuni.

Kisha nikaanza kutoka kweli, lakini kwa sekunde chache. Nafunga mlango, nafungua, naingia bila shangwe. Nusu dakika. Dakika mbili. Dakika tano. Kabla ya zoezi nilimtembeza na kumwacha anuse kila alichotaka kunusa, bila kumvuta kamba. Zamani nilidhani kule kunusanusa ni kupoteza muda, kumbe kunamtuliza kuliko kukimbia. Wiki ya tano nikajiona bingwa, nikaruka kutoka dakika ishirini hadi saa mbili. Nilikuta mlango umeparuliwa mpaka rangi imebanduka. Tukarudi kwenye dakika kumi. Kazi nzima ilichukua karibu miezi minne, na kuna siku nilitamani kuiacha.

Jirani mmoja alikuwa ananishauri nimwonyeshe Tomi nani bosi, nile kabla yake, nimbinue chali akikaidi. Wazo hilo lilipata nguvu kutokana na uchunguzi wa mbwamwitu waliofungiwa pamoja, wakaonekana kugombea cheo, uliochapishwa mwaka 1947. David Mech, mtafiti aliyechangia kulieneza, ndiye aliyekuja kulisahihisha: porini, kundi la mbwamwitu kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Mimi niliona jambo jepesi zaidi. Mbwa anayetetemeka hagombei cheo.

Nilipozoea kumwangalia, nikaanza kuona mengine. Siku moja mtoto wa dada alimkumbatia Tomi shingoni. Mkia ulikuwa unatikisika, kila mtu akacheka, "Ona anavyofurahi!" Lakini mkia ule ulikuwa umesimama wima, mgumu, unatikisika kwa haraka nchani tu. Mwili umekakamaa. Akageuza uso, akajilamba pua, akapiga mwayo, wala hakuwa na usingizi. Nikamwita mtoto aje kwangu. Tomi akajikung'uta mwili mzima kana kwamba katoka majini, akaenda zake. Angenguruma siku ile nisingemkemea, ingawa zamani ningemkemea. Mbwa aliyefundishwa kutonguruma anaweza kuuma bila kutangulia kuonya.

Mkia wa furaha ninaujua sasa: unafagia kwa upana, na kiuno kinakwenda nao.

Viatu viko salama, navivua popote. Kilichobaki ni sanduku la safari. Nikilishusha tu kutoka juu ya kabati, Tomi anaanza kuhema. Kwa hiyo nimeliacha wazi katikati ya chumba, ni wiki ya pili sasa, tunalikwepa tukipita. Jana alisogea, akaingiza pua ndani, akanusa pembe zote nne, akajilaza kando yake.