Nilivyompeleka Mama Mji wa Kale kwa Mara ya Pili

Safari ya kwanza ilikuwa siku ya Ijumaa, na tulifika Mji wa Kale saa sita kasorobo mchana. Aliyezaliwa Mombasa hahitaji kuambiwa zaidi. Jua lilikuwa utosini, maduka yalikuwa yanafungwa moja baada ya jingine kwa ajili ya sala, na mama yangu, aliyeshuka kutoka Wundanyi, kwetu Taita, kutibiwa magoti, alikuwa ameegemea ukuta akitafuta kivuli. Kijana mmoja akajitolea kutuongoza. Alitupitisha vichochoro vitano mbiombio, akatuonyesha milango miwili mitatu ya nakshi, kisha akatudai shilingi 1,500 ambazo hatukuwa tumepatana. Nililipa kwa sababu Mama alikuwa anataka tu kuketi. Tulirudi nyumbani kwangu Changamwe kabla ya saa nane bila kununua hata punje ya iliki, na usiku huo goti lake la kushoto likavimba.

Jambo hilo liliniuma sana. Nimeishi Mombasa miaka tisa, nafanya kazi bandarini Kilindini kwa zamu, na Mama hakuwa ameniomba makubwa. Alitaka kununua viungo vya pilau, na alitaka kuchagua leso kwa mkono wake mwenyewe pale Biashara Street, maana leso zote alizovaa tangu ujana wake zililetwa Taita na watu waliotoka huko. Ana miaka 67. Nilijua nikimwacha arudi nyumbani hivyo, huenda asirudi tena pwani.

Aliyetuokoa ni mwenzangu wa zamu, mzaliwa wa Kibokoni, humo humo Mji wa Kale. Nilipomsimulia, aliniuliza swali moja tu: mlikwenda saa ngapi? Nilipomjibu akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba watu hujisumbua kutafuta ramani ya Mji wa Kale, na hali mtaa wenyewe unajulikana kwa saa. Kuna vitu vya alfajiri ambavyo saa tatu huvioni tena, kuna soko la asubuhi, kuna mchana ambapo kila mtu yumo ndani, halafu kuanzia alasiri mtaa unaamka upya na kuendelea mpaka usiku. Akasema tusijaribu kuyamaliza yote kwa mkupuo mmoja. Tuje asubuhi, tupumzike kwao adhuhuri, tutoke tena baada ya alasiri. Na tusije Ijumaa.

Tulikwenda Jumatano. Kwanza nilivunja noti ziwe ndogo ndogo, nikabeba maji, na Mama akavaa raba na gauni refu na kujitanda leso mabegani. Hakuna anayemlazimisha mgeni kuvaa buibui, lakini mtaa huu ni nyumbani kwa watu, na mtu aliyejisitiri hupokelewa kwa uso mwingine. Matatu ilitushusha Mwembe Tayari kukiwa ndio kwanza kunapambazuka, tukachukua tuktuk hadi Kibokoni ili magoti yasichoke mapema.

Saa kumi na mbili na nusu kichochoro kilikuwa kinanukia iliki na mafuta ya moto. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi mlangoni kwake, karai mbele yake, akitumbukiza mahamri. Nilisimama nikatazama. Kipande cha unga cha pembetatu kinazama, kinaibuka, yeye anakimwagia mafuta juu kwa upawa, na ghafla kinafura kama kimevuta pumzi. Wateja wake ni watoto waliotumwa na bakuli. Tuliketi kwenye baraza la jirani, tukaletewa mahamri na mbaazi za nazi. Kwetu Taita mbaazi ni chakula cha kila siku, kwa hiyo Mama alionja kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Akamuuliza yule dada tui analitia lini. Akajibiwa kwamba mbaazi huivia kwenye tui jepesi, na lile zito humiminwa mwishoni kabisa na halichemshwi sana. Mama akaniambia nimkumbushe jambo hilo akifika nyumbani. Nimemkumbusha mara tatu.

Marikiti tuliingia saa mbili na nusu. Soko hili liko pale tangu 1914, Waingereza waliliita jina la Mackinnon, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia jina hilo kwa mdomo. Ndani ni mboga, matunda, nazi, na mikokoteni inayokupigia kelele upishe njia. Sikukawia ndani kwa sababu sakafu ilikuwa na maji na nilimwogopea Mama kuteleza. Maduka ya viungo yako nje, kuelekea barabara ya Langoni, na hapo ndipo tulipotulia.

Mwenye duka alikuwa mzee mwenye kofia ya vito, ambaye babu zake walitoka Hadhramaut, huko Yemen. Kiswahili chake kilikuwa Kimvita kitupu, lahaja ya Mombasa. Mama aliomba bizari ya pilau iliyosagwa tayari. Mzee hakukataa, lakini alichukua punje moja ya iliki kwenye gunia, akaipasua kwa kucha na kumwekea Mama kiganjani. Mbegu zilikuwa nyeusi, zina unyevunyevu, na zilinata kwenye kidole. Kisha akapasua nyingine kutoka kopo jingine: ganda limepauka, mbegu zimekauka na kuwa za hudhurungi. "Nusa zote mbili, mama." Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Akatushauri tununue viungo vizima, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga na bizari nyembamba, tukavisage wenyewe kidogo kidogo, kwa sababu kilichosagwa hupoteza harufu upesi na mnunuzi hajui kimechanganywa na nini. Nawasihi wanaokwenda Marikiti wafuate hilo. Pakiti zenye picha za kupendeza zinazouzwa kwa wageni ni ghali na mara nyingi zimekaa sana.

Kutoka hapo hadi Biashara Street ni mwendo mfupi, lakini tulikaa huko saa nzima na zaidi, na sikuwa nimetazamia sababu yake.

Leso ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Mimi nilidhani Mama atachagua rangi. Kumbe alikuwa anatafuta jina. Alikuwa anamnunulia mama mdogo, ndugu yake, ambaye hawakuwa wamesemezana kwa miaka miwili kwa sababu ya mpaka wa shamba. Nilijua habari za mpaka. Habari ya leso sikuijua mpaka pale dukani, alipomwambia muuzaji mwanamke kwa sauti ya chini, mimi nikiwa nyuma yake.

Muuzaji aliacha alichokuwa akifanya. Mama alikuwa ameshika leso ya samawati iliyoandikwa "Wema hauozi." Yule muuzaji akaishika ncha, akasema, "Hii nzuri, lakini usimpe mtu mliyekorofishana naye. Atasema wamkumbusha ulivyomtendea." Mama akachukua nyingine, "Undugu ni kufaana." Hiyo nayo akaambiwa kwamba atakayeipokea atasoma kuwa hakufaa. Nikaona jinsi maneno mawili matatu yanavyoweza kugeuka kijembe kutegemea nani amempa nani. Zilifunuliwa zaidi ya ishirini juu ya meza. Nyingine Mama alizirudisha mwenyewe kabla hajashauriwa. Mwishowe akasimama kwenye moja nyekundu na nyeusi yenye mauwa makubwa, jina lake "Tuombeane heri." Akanitaka nimsomee kwa sauti. Nikasoma. Akanitaka nisome tena.

Leso huuzwa jozi, vipande viwili vikiwa vimeshikana, na nje ya duka kuna mafundi wenye cherehani wanaokata na kupinda wakati unasubiri. Mama alikaa kwenye kiti cha fundi, mkoba wa viungo mapajani, akiangalia sindano ikipita kwenye pindo. Magoti hakuyataja.

Saa sita ilipokaribia tulikuwa tumeshafika nyumbani kwa mwenzangu. Mama yake alitoka mlangoni. "Ndoo ndani, dada yangu, uketi. Miguu kwanza, salamu baadaye." Mama akaingizwa ndani kwa wanawake, mimi nikabaki barazani na mwenzangu. Hapo ndipo nilipouelewa mtaa kwa mara ya kwanza, kwa sababu niliketi na mtaa ukapita mbele yangu. Mwenzangu aliwajua wote. Yule mzee mwenye kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu ni Mbohora, Mwislamu wa Kishia mwenye asili ya Bara Hindi, anakwenda msikiti wao ulio karibu na bandari ya kale. Familia ya nyumba ya kona ni Wabaluchi, ambao wazee wao walikuja kama askari wa masultani wa Oman. Anayeuza samaki ni Mbajuni. Bibi yake mwenyewe ni wa Tisa Taifa, Waswahili wa mji tangu enzi, na babu yake ni Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut, aliyekuja kwa jahazi. Hatua chache kutoka Langoni kuna hekalu la Wajaini, jeupe la marumaru. Wote hao walinunua mahamri asubuhi, na wote walisalimiana kwa majina.

Mchana ule uliokuwa umetushinda Ijumaa, sasa ulipita bila taabu. Kichochoro kilinyamaza. Nyumba ndefu hizi zimesogeana ili zitiliane kivuli, na upepo wa baharini huingia katikati yake. Mama alikula wali na samaki wa kupaka, akalala kwenye mkeka, na alipoamka nilisikia wakicheka na mwenyeji wake kama watu waliosoma pamoja. Jambo dogo ambalo wengi hawalisemi: ukiwa na mzee, fikiria choo kabla ya kufikiria chakula. Sisi tulikuwa na nyumba ya wenyeji. Asiye na mwenyeji anaweza kulipia kiingilio cha Fort Jesus na kupumzika ndani ya ngome saa za jua kali, kuna vivuli, pa kuketi na vyoo.

Saa kumi na nusu tulitoka tena, polepole. Tulipita Ndia Kuu, tukaona Msikiti wa Mandhry, ambao historia yake inafika mwaka 1570, mnara wake mnene na mweupe kama haukuchoka. Tuliteremka kutazama bandari ya kale, ambako zamani majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi yaliingia na kaskazi na kuondoka na kusi. Kisha tukakaa chini ya kuta za Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593, Waomani wakaichukua 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu, na Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958. Nilimwambia Mama kwamba neno gereza tumelipata kwa Wareno, kwao lilikuwa na maana ya kanisa, na hata leso aliyoikumbatia jina lake limetoka kwao. Akaufungua mfuko, akaitazama upya.

Magharibi ilipoadhiniwa, moshi ulianza. Tulikula viazi karai, navyo ni viazi vilivyochemshwa, vikachovywa kwenye unga mzito wa manjano na kukaangwa, juu yake chatne ya ukwaju. Huliwa ukiwa umesimama, navyo vinachoma ulimi, na bado mtu anaongeza. Tukapata mishkaki, na muhogo wa kuchoma uliopasuliwa na kupakwa pilipili na ndimu. Muuza kahawa alikuja na dele lake la shaba, makaa chini yake, akigonganisha vikombe kujitangaza. Mama hakuwahi kunywa kahawa chungu ya tangawizi kwa kikombe kidogo namna ile. Alikunywa vinne, na kipande cha halua kati ya kikombe na kikombe. Wakati wa Ramadhani, tuliambiwa, mchana wote huu wa vyakula haupo, na badala yake usiku hukesha hadi karibu na daku. Tukakubaliana na wenyeji wetu kwamba tutakuja wakati huo pia.

Tulifika Changamwe saa tatu usiku. Goti halikuvimba.

Wiki iliyofuata Mama alirudi Wundanyi. Hakuipeleka leso mwenyewe, alimtuma mjukuu. Siku mbili baadaye nilikuwa nazungumza naye kwa simu ndipo akaniambia nisubiri, kuna mtu anampigia kwa simu nyingine, kisha akasahau kukata yangu, nikasikia upande wake wote wa mazungumzo. Alikaa kimya muda mrefu. Alipokuja kunisimulia, alisema mama mdogo hakugusa habari za shamba hata kidogo. Alimuuliza kwa nini jozi imefika na kipande kimoja, na kile kingine kiko wapi.

"Nikamwambia, nimekivaa."