Uvimbe wa aina mbili

Kaka yangu ni fundi seremala Tanga, mtu mpole ambaye hata nyundo ikimponda kidole husema "Ewe Mola" tu na kuendelea na kazi. Kwa hiyo alipoanza kumfokea mkewe mbele ya wateja, na siku moja akamtukana mama, hakuna aliyefikiria ugonjwa. Wifi yangu alidhani kuna mwanamke. Majirani wakasema amechezewa. Alfajiri kichwa kilimuuma hadi akatapika, jua likipanda anapata nafuu. Ndani ya miezi miwili alitibiwa malaria mara tatu.

Kisha akaanguka karakanani, mikono inarushwa, povu linamtoka. Vijana anaowafundisha wakarudi nyuma, maana tumekua tukiambiwa povu la mwenye kifafa linaambukiza. Mzee mmoja, kwa nia njema kabisa, alimpenyezea kijiko mdomoni, kikamvunja jino. Siku mbili baadaye picha ya kichwa ikaonyesha kitu kikubwa upande wa mbele wa ubongo, kushoto.

Neno lililotuponza lilikuwa "uvimbe". Dokta alisema, "Ana uvimbe kwenye ubongo. Nampa dawa ya kupunguza uvimbe." Sisi tukaelewa kwamba dawa imepatikana. Ilikuwa deksamethasoni, na kweli, siku ya tatu kichwa kilitulia, akala sahani mbili za wali, akamwomba mama radhi. Mama akaita watu wakasoma dua ya shukrani. Nauli tuliyochanga kumpeleka Dar tukaona tulipie ada za watoto. Vidonge vilipoisha hatukununua vingine, na baada ya siku chache hakuweza kuinuka kitandani.

Aliyetufungua macho ni mpwa wetu anayesomea uuguzi. Alichukua chungwa, akalifunga kwa kitambaa kilicholowa maji. "Shangazi" — ndivyo anavyoniita, ingawa mimi ni mama yake mdogo — "hapa kuna uvimbe wa aina mbili. Chungwa ndilo kinundu chenyewe. Haya maji ya kitambaani ni ubongo ulivyovimba kukizunguka. Dawa ile inakausha kitambaa. Chungwa liko palepale." Akatueleza pia kwamba dawa ya namna hiyo ikitumika kwa muda haikatwi ghafla, kwa sababu tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelegea kutengeneza homoni yake, kwa hiyo daktari ndiye anayeipunguza kidogo kidogo. Inywewe asubuhi, na chakula, maana inafukuza usingizi na kuchoma tumbo. Na sukari ipimwe, maana inapanda.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna anayesema "uvimbe". Tunasema "kinundu" au tunasema "maji". Daktari yeyote akitumia neno lile, mama mwenyewe anauliza, "Upi, mwanangu?"

Tulipopata rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, nilinunua daftari la kaunta. Ukurasa wa kushoto maswali, wa kulia majibu, na tarehe juu. Maswali tulikusanya usiku, kila mtu lake, hata watoto. Kaka alikuwa na moja tu: "Uliza kama nitashika tena randa." Nililiandika la kwanza. Daktari wa upasuaji hakulipuuza. Alitoa picha ya MRI, akatuonyesha kwa ncha ya kalamu sehemu inayoendesha mkono wa kulia na kinundu kilipokomea, akasema ataacha kipande kilichong'ang'ania hapo kuliko kumpoozesha mkono. Hapohapo nikauliza swali la wifi, ambalo yeye aliona haya kulisema: zile hasira zilitoka wapi? Akajibu kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayomzuia mtu kusema kila linalomjia, na ikibanwa, kizuizi kinaondoka. Wifi alijifunika uso kwa mtandio. "Kumbe hakuwa yeye," alisema. Miezi yote ile alikuwa akisemwa mtaani kwamba ameshindwa kumtuliza mume. Nikiulizwa ni taarifa gani iliyoisaidia familia yetu kuliko zote, ni hiyo.

Baada ya upasuaji, kinyama kilipelekwa maabara. Majibu yalipotoka niliomba nakala, nikanakili jina la kinundu herufi kwa herufi: astrositoma, yaani kinundu kinachoanzia kwenye chembe za ubongo wenyewe, daraja la 3. Nilishtuka, kwa sababu jirani yetu mwenye saratani ya titi aliambiwa yuko hatua ya tatu, na imesambaa kwenye tezi za kwapani. Kumbe ni vitu viwili. Kinundu kinachoanzia kwenye ubongo hakipangwi kwa hatua za kusambaa namna ile. Shirika la Afya Duniani hukipanga kwa madaraja, 1 hadi 4, kwa jinsi chembe zake zinavyoonekana, vinasaba vyake, na kasi yake ya kukua. Daraja la 3 si jambo dogo, lakini si habari niliyodhani nimepewa.

Jina hilo ndilo lililonifungulia mlango. Nilipotafuta kwenye simu "uvimbe kwenye ubongo" nilipata wauza majani na maombezi ya kulipia. Nilipoandika jina kamili, kwa Kiingereza, nilifika kwa National Cancer Institute ya Marekani, American Brain Tumor Association ambayo ipo tangu 1973, na The Brain Tumour Charity ya Uingereza. Tulisoma na mpwa wangu, yeye akifasiri, mimi nikiandika daftarini kwa Kiswahili chetu. Nilitazama mambo matatu kabla ya kuamini: nani ameandika, lini ilipitiwa mara ya mwisho, na kama mwishoni wananiuzia kitu.

Nilikosea mara moja. Saa nane usiku, peke yangu, nilisoma takwimu za watu wanaishi muda gani. Nililia mpaka adhana. Asubuhi mpwa akaniambia zile ni hesabu za maelfu ya watu waliotibiwa miaka iliyopita, wazee kwa vijana, hazimsemi kaka yetu. Tukakubaliana hatutamsomea mpaka aombe mwenyewe. Hajaomba.

Mionzi alipigwa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, Jumatatu hadi Ijumaa, zaidi ya wiki sita. Nilihofia ile barakoa. Ni plastiki inayolainishwa kwa maji ya moto, inalazwa usoni ikiwa bado laini, inaganda kwa umbo la uso wako, kisha wanaibana kwenye meza ili kichwa kisisogee hata kidogo. Kaka yeye aliipenda kifundi. Alikuwa anawaeleza wagonjwa wapya namna inavyoganda, na ile hofu ikawapungua, wanamsogelea wamsikilize.

Kwenye benchi pale ndipo nilipopata msaada ambao hakuna karatasi iliyonipa. Mama mmoja wa Dodoma, mwanawe alikuwa na kinundu sehemu nyingine ya ubongo, alinishika mkono akanipeleka ofisi ya ustawi wa jamii, jambo ambalo sikujua naruhusiwa kuomba. Aliniambia nywele zitanyonyoka pale tu mionzi inapopita, na kwamba uchovu mkubwa unakuja mwishoni na kuendelea hata baada ya kumaliza, nisidhani amezidiwa. Mpaka leo kila Jumapili jioni tunapigiana simu, familia sita, tuliokaa kwenye benchi lile. Siku nyingine hatuongelei ugonjwa kabisa.

Karakanani nako niliwafundisha wale vijana. Akianguka: sogeza misumeno, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa, usitie chochote mdomoni. Ikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, muwahishe hospitali. Wameyakariri kama shairi. Ameanguka mara moja tangu hapo, na safari hii hakuna aliyekimbia.

Sasa ni mwaka wa pili. Anarudi kwa MRI kila tarehe anayopangiwa, na wiki moja kabla ya tarehe hiyo sote hatulali vizuri. Randa anashika, kwa asubuhi tu, mchana analala.

Juzi alinipigia dada mmoja wa Korogwe, namba yangu kapewa na mama wa Dodoma. Mumewe kafanyiwa upasuaji, majibu anayo mkononi, analia. Nilimwacha alie. Alipotulia nikamwambia, "Dada, tafuta palipoandikwa jina, unisomee herufi moja moja, taratibu." Nikavuta daftari. Akaanza: "M. E. N. I…"